Mlango wa ushauri nasaha chuoni: ingia wiki ya 3, usingoje wiki ya 13

Lile benchi la nje ya ofisi ya ushauri nasaha nililikwepa karibu muhula mzima. Nilikuwa najua liko wapi, nalipita kila siku nikienda lekcha, na nikikaribia pale natoa simu najifanya nasoma meseji ili nisije nikagongana macho na mtu anayenijua. Mwaka wa pili huo, nimeshafeli testi mbili za somo moja, usingizi hauji mpaka alfajiri, nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala, na muda wote najiambia kwamba pale wanaenda wenye matatizo kweli kweli, mimi ni uzembe tu. Siku niliyokuja kukaa kwenye lile benchi ilikuwa wiki ya 13 na mitihani inaanza wiki ya 15. Yule mama aliyenipokea alinisikiliza mpaka nikamaliza halafu akauliza swali moja tu, "Hii hali imeanza lini mwanangu?" Nikamwambia kama wiki ya tatu hivi. Akaandika 3 kwenye karatasi yake, akachora mshale, akaandika 13, hakusema neno. Nililia pale pale, mana ule mshale niliuelewa bila kuelezwa.

Kwa hiyo hapa naandika kwa ajili ya wewe ambaye uko sehemu fulani juu ya huo mshale. Baadae nilikaa miaka miwili kama mwanafunzi mshauri rika, nikasindikiza watu wengi kwenye hizo ofisi, na nilichojifunza ni kwamba wengi hawashindwi kwa sababu huduma haipo, wanashindwa kwa sababu hawajui waanzie wapi, waseme nini, na wanachelewa.

Unamtafuta nani?

Mtu akienda mlango usio wake anazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka anachoka anarudi chumbani kulala. Mshauri nasaha ni wa mambo ya moyo na akili: wasiwasi, huzuni isiyoisha, msiba, kuachwa, ugomvi wa nyumbani, pombe, kunyanyaswa kingono, usingizi kugoma. Mshauri wa masomo ni wa kozi zako, ubaki nazo au uziache, GPA yako, yani wastani wa matokeo yako, inaelekea wapi, ubadilishe programu au la. Tyuta ni wa somo lenyewe, yani ile mada isiyoingia. Kituo cha uandishi ni cha asaimenti, ripoti na tasnifu. Dawati la wanafunzi wenye mahitaji maalumu ni la mwenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, na hapo hata maradhi ya akili yanaingia, watu wengi hawalijui hili. Mambo ya ada, malazi na nidhamu mara nyingi yako ofisi ya mkuu wa wanafunzi.

Lakini maisha hayajigawi hivyo. Usipolala utafeli, na ukifeli hutalala, kwa hiyo usishangae ukahitaji milango miwili wiki moja. Kama hujui pa kuanzia anza na yoyote iliyo karibu na sema hivi, "Sijui kama nimefika penyewe, naomba unielekeze." Sentensi hiyo inatosha kabisa, na mpokezi mzuri ataishughulikia.

Lini ni lini?

Swali nililoulizwa sana na wenzangu ni kwamba je hili langu ni kubwa kiasi cha kwenda? Jibu langu huwa ni wiki mbili. Wataalamu wenyewe wakikupima sonona, yani depresheni, wanauliza umejisikiaje kwa wiki mbili zilizopita, kwa hiyo tumia kipimo hicho hicho. Kama kwa siku nyingi ndani ya hizo wiki mbili hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipandi, vitu ulivyokuwa unavipenda havina ladha tena, unakosa vipindi bila sababu ya maana, unaogopa kufungua portal ya matokeo, hupokei simu za nyumbani, basi nenda. Huhitaji kuwa umevunjika ndo uende. Tena umri wetu huu ndo wenyewe, kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2005 uliokuta kwamba robo tatu ya watu waliowahi kupata matatizo ya akili katika maisha yao, matatizo hayo yalikuwa yameshaanza walipofika miaka 24. Miaka ya chuo kwa wengi iko humo humo.

Upande wa masomo dalili ni ya haraka zaidi: matokeo ya testi ya kwanza. Sio ya pili. Ukipata chini ya nusu kwenye testi ya kwanza na ulikuwa umesoma, maana yake namna unavyosoma ina shida au msingi haupo, na vyote viwili vinatibika mapema, havitibiki usiku wa kuamkia mtihani.

Na kuna ile sauti inayosema wote humu wana akili mimi nimeingia kwa bahati, siku moja watanigundua. Wanasaikolojia wawili, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliiandikia makala mwaka 1978 baada ya kuisikia kwa wanawake wenye mafanikio makubwa kabisa kitaaluma, watu wenye shahada zao kamili. Kwa hiyo ukiisikia usidhani ni ushahidi kwamba hufai. Nenda nayo kwa mshauri hivyo hivyo, ni moja ya mambo wanayoyasikia sana.

Kuomba miadi

Hapa ndo watu wanakwama, wanafungua simu, wanaandika, wanafuta, wanaandika tena kurasa mbili, wanafuta. Andika fupi hivi:

"Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, naomba miadi ya kuonana na mshauri nasaha. Kwa wiki tatu sasa silali vizuri na nimeanza kukosa vipindi. Nina nafasi Jumanne na Alhamisi mchana. Kama foleni ni ndefu naomba kujua naweza kupata msaada gani wakati nasubiri. Asante."

Angalia kilichomo. Kuna muda (wiki tatu), kuna kitu kinachoharibika (vipindi), kuna siku una nafasi, basi. Hadithi yenyewe haimo, na isiwemo, mana ujumbe huo anausoma kwanza mtu wa mapokezi na yeye kazi yake ni kupanga foleni tu. Ule mstari wa mwisho usiuache, vyuo vingi vina makundi ya wazi, washauri rika, au masaa ya kuingia bila miadi na hawakwambii mpaka uulize. Usipojibiwa ndani ya siku tatu za kazi nenda mwenyewe kwa miguu asubuhi, asubuhi ndo nafasi za watu walioahirisha zinapopatikana.

Na kama ukiandika meseji mkono unatetemeka, mwombe rafiki abonyeze "tuma". Nimewabonyezea watu wengi.

Ndani ya chumba

Siku ya kwanza utapewa fomu. Usiikimbilie. Sehemu nyingi wanatumia dodoso la sonona linaloitwa PHQ-9, lina maswali 9, kila swali unajipa alama kuanzia 0 mpaka 3 kulingana na ni siku ngapi limekusumbua ndani ya wiki mbili, jumla ni 27, na mtu akifika 10 kwenda juu wanaangalia kwa undani zaidi. Mwenzake GAD-7 ni wa wasiwasi, maswali 7, jumla 21. Hakuna kufaulu wala kufeli hapo. Kosa ninaloliona ni watu kujaza namna wanavyotaka kuonekana, wanaweka 0 0 1 0 halafu wanashangaa wanapangiwa miadi ya mwezi ujao. Jaza ulivyo. Swali la 9 linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba bora ungekufa au kujiumiza, na hilo watu wanaliruka kwa kuogopa. Kulijibu ukweli hakukufanyi ukamatwe, kunafanya wakuwahi.

Kabla hujaanza kuongea uliza habari ya siri, una haki ya kuuliza. Kwa kawaida mshauri hamwambii mzazi wako, hamwambii mwalimu wako, na mambo yako hayaingii kwenye matokeo. Ila siri ina mipaka na mshauri mkweli atakutajia mwenyewe: kama maisha yako yako hatarini, kama unataka kumdhuru mtu mwingine, kama kuna mtoto anayedhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Mimi yule mama alinitajia hiyo mipaka huku anafunga dirisha ili sauti zetu zisitoke, na hicho kitendo cha kufunga dirisha kilinituliza kuliko maneno yenyewe.

Kikao kina dakika kama 45 au 50. Hujui uanze wapi? Anza na leo asubuhi, ulivyoamka, ulichofanya, ulichoshindwa kufanya. Usianze na utoto wako kama hutaki. Ukinyamaza dakika nzima hakuna tatizo, ukilia hakuna tatizo, kile kiboksi cha tishu kiko pale mezani kwa kazi hiyo. Mshauri hatakupa majibu kama mganga, atauliza sana, na kuna wakati utaona kama hakuna kilichofanyika, halafu jioni ukiwa unafua unashtuka neno fulani limefungua kitu.

Mambo mawili ya kuuliza siku hiyo hiyo. La kwanza, nina vikao vingapi? Vyuo vingi vinaweka kikomo, na ni vibaya kukijua kikomo kwenye kikao cha mwisho. La pili, vikiisha nitapelekwa wapi? Kama unahitaji dawa hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, mshauri nasaha kwa kawaida haandiki dawa, anakupa barua ya kwenda huko.

Halafu kuna la kutokupatana. Mshauri wa pili niliyepangiwa mimi alikuwa anaangalia saa, na kila ninachosema ananijibu na sala. Mimi naswali, lakini siku ile nilihitaji kusikilizwa. Nilivumilia vikao vitatu nikaacha kwenda kabisa, na hilo ndo kosa langu nisilotaka ulirudie. Ungesema tu mapokezi, "Nashukuru kwa huduma, ila naona ningesaidika zaidi na mshauri mwingine, naomba nibadilishiwe." Huna haja ya kueleza kwa nini. Wanabadilisha, ni jambo la kawaida kwao, hawachukii.

Masomo sasa, na hapa nitakaa kidogo

Ukienda kwa mshauri wa masomo usiende mikono mitupu ukamwambia "nafeli". Nenda na karatasi yenye hesabu. Mfano, somo lina alama 40 za kozi waki (testi na asaimenti za muhulani) na 60 za mtihani wa mwisho, na kufaulu ni 50. Kama kozi waki umepata 14, unahitaji 36 kati ya 60, yani asilimia 60 ya mtihani. Hiyo inawezekana ukianza leo. Kama umepata 8, unahitaji 42 kati ya 60, asilimia 70, kwenye somo ambalo mpaka sasa unapata asilimia 20. Hapo maongezi ni mengine, je tarehe ya kuacha kozi imepita? Ukiiacha utachelewa kumaliza? Ukiibeba na kupata sapu, yani mtihani wa marudio, kanuni zinasemaje kuhusu sapu ngapi ndo unadisko, yani unaondolewa chuo? Fanya hivyo kwa kila somo, mstari mmoja mmoja. Mara nyingi ukishaandika unakuta yanayokuua ni masomo mawili tu, sio yote saba kama ulivyokuwa unahisi saa nane usiku.

Kwa lekchara, masaa yake ya kuonana na wanafunzi yameandikwa mlangoni au kwenye muhtasari wa kozi na wengi hawaendi kabisa. Nenda na swali ulilojaribu, lenye kazi yako mpaka pale ulipokwama, umwoneshe kwa kidole. Ukimwambia "sijaelewa mada ya nne" atakufundisha mada ya nne kwa dakika kumi na utatoka hujaelewa vile vile. Ukimwambia "shikamoo Daktari, nimefika mstari huu, sielewi kwa nini alama ya kujumlisha imekuwa ya kutoa hapa" utatoka na jibu, na atakukumbuka siku ukihitaji barua.

Tyuta na makundi ya msaada wa masomo yana sifa mbaya kwamba ni ya vilaza. Si kweli na ngoja nikwambie kitu. Chuo kikuu cha Missouri-Kansas City huko Marekani mwaka 1973 walianzisha utaratibu ambao sasa umeenea nchi nyingi, mwanafunzi aliyekwisha kufaulu somo gumu anakaa tena kwenye lekcha zile zile halafu anaendesha diskasheni kila wiki kwa yeyote anayetaka. Walichofanya cha maana ni kwamba waliacha kutafuta wanafunzi dhaifu, wakatafuta masomo magumu. Somo likiwa linaangusha wengi, linawekewa kundi, wa A na wa D wanakaa meza moja. Chuo chako kikiwa na kitu kama hicho ingia wiki ya pili. Kikiwa hakina, tengenezeni, watu wanne wanatosha, tafuteni aliyelipita hilo somo mwaka jana.

Na mkikaa msisomeane kitini kwa sauti, hiyo ni kupoteza jioni. Funikeni kitini, mmoja aulize, wengine waandike jibu kutoka kichwani, ndo mfunue. Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwajaribu wanafunzi, kundi moja lilirudia kusoma na jingine likajipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa juu kidogo, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndo waliokumbuka zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Ndo maana unasoma usiku unaona umeiva, mtihani ukija wiki ijayo hakuna kitu. Kuiva kule kulikuwa kwa dakika tano.

Kituo cha uandishi sina mengi, ila wapelekee rasimu mbaya mapema kuliko nzuri siku ya mwisho, na usitegemee wakusahihishie sarufi kazi nzima, wao wanaangalia hoja na mpangilio na namna ya kunukuu.

Mahitaji maalumu

Kama huoni vizuri, husikii vizuri, una disleksia, kifafa, sikoseli, sonona iliyothibitishwa na daktari, jiandikishe kwenye dawati lao mwanzoni mwa mwaka hata kama unajisikia mzima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unazitaka nchi zilizoridhia zihakikishe hata elimu ya juu inapatikana kwa marekebisho yanayofaa, kwa hiyo hapo huombi hisani. Marekebisho yenyewe ni kama muda wa ziada, vyuo vingi vinaongeza robo, mtihani wa masaa matatu unapata dakika 45 zaidi, au chumba cha peke yako, au maandishi makubwa, au mtu wa kukuandikia. Karatasi za daktari zinachukua muda, na ratiba ya mitihani ikishatoka wanakuwa wamefunga orodha.

Kuahirisha, na karatasi zako

Kuna wakati jibu sahihi ni kusimama. Kuahirisha muhula sio kudisko, unarudi na nafasi yako ipo. Ila mpangilio wa tarehe ni kila kitu: omba kabla ya kukaa kwenye mtihani. Ukishakaa ukafeli ndo ukaleta cheti cha hospitali cha wiki iliyopita, sehemu nyingi watakwambia ulijiona uko fiti ndo ukaingia. Cheti kiwe na tarehe ya siku zile zile ulizoumwa, kiwe na muhuri, na ombi lako lipelekwe kwa maandishi. Piga picha kila karatasi kabla hujaitoa mkononi, na nakala ya ombi igongwe muhuri wa kupokelewa. Rafiki yangu ombi lake lilipotea kati ya meza mbili za ofisi moja, alichobaki nacho ni picha ya ule muhuri kwenye simu, na ndo iliyomrudisha chuoni. Uliza pia mkopo au ufadhili wako unafanywaje ukisimama, usilijue hilo ukiwa umeshafika nyumbani.

Kama ni usiku huu huu

Kama unawaza kujiua usisubiri miadi. Miadi ni ya mambo yanayoweza kusubiri na hili haliwezi. Mwamshe mwenzio wa chumbani, mpigie mtu yeyote, nenda zahanati ya chuo au hospitali kitengo cha dharura, mwambie mlinzi getini, mtu yeyote aliye macho. Mwambie kwa maneno yenyewe, "Nawaza kujiua, naogopa kuwa peke yangu." Shirika la Afya Duniani kwa takwimu za mwaka 2021 linaweka kujiua nafasi ya tatu kwa vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29, kwa hiyo hakuna daktari atakayekuona unatania.

Na kama ni mwenzio unamwona anagawa vitu vyake, anaaga aga, anasema mtapumzika na mimi, muulize wazi, "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumtii hilo wazo kichwani, kunampa pa kulitolea. Usimwache peke yake, toa dawa na vitu vyenye ncha chumbani, usikubali akuapishe usimwambie mtu. Mwambie utamwambia mtu na utakuwa naye.

Ukimsindikiza mtu

Wengi hawaendi peke yao, ndo maana namalizia na hili. Mpitie chumbani kwake, usimwambie mkutane kule, mana hatafika. Fikeni dakika kumi kabla. Kaa naye kwenye benchi mzungumze vitu vya kawaida, mechi, mvua, lolote, na akiitwa usiinuke naye mpaka yeye akuombe. Mngoje hapo hapo, usihame, akitoka macho yake yatakutafuta kwanza. Usimuulize wamesema nini, muulize kama ana njaa. Halafu kabla hamjaachana mwambie afungue simu aiandike tarehe ya kikao kijacho, na wewe iandike kwako.